Mapigo manane ya Napoleon Lajoie: uchambuzi wa kisa cha Oktoba 9, 1910

Jumapili ya Oktoba 9, 1910, katika uwanja wa Sportsman's Park mjini St. Louis, nchini Marekani, mpigaji wa besiboli mwenye umri wa miaka 36 alishika gongo mara tisa katika michezo miwili iliyochezwa mfululizo, na mara zote tisa alifika salama kituoni, yaani kwenye mojawapo ya pembe za uwanja ambazo mpigaji huzizunguka ili kupata alama. Nane kati ya hizo ziliandikwa kuwa mapigo halali. Kwa mchezo ambao mpigaji hodari hushindwa mara mbili katika kila tatu, hilo lilikuwa jambo la kustaajabisha, na kwa kweli watu walistaajabu, ila si kwa namna ambayo mpigaji mwenyewe angependa. Kabla ya wiki kwisha, kocha wa timu iliyopigwa mapigo hayo alikuwa matatani, rais wa ligi alikuwa anahoji mashahidi, na kampuni moja ya magari ilikuwa imekaa na zawadi ambayo haikujua imkabidhi nani.

Mpigaji huyo alikuwa Napoleon Lajoie wa timu ya Cleveland, na mtu aliyekuwa akishindana naye kuwania ubingwa wa upigaji wa msimu huo, na gari lililoahidiwa kwa bingwa, alikuwa Ty Cobb wa Detroit. Kisa chao husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya mtu mwema aliyependwa na mtu mkorofi aliyechukiwa. Mimi naona usimulizi huo unatupotosha, kwa sababu unatufanya tuchunguze tabia za watu wawili ilhali kilichoharibika kilikuwa ni daftari: nani aliandika nini, kwa idhini ya nani, na nani alikuwa na haki ya kukifuta.

Lajoie alizaliwa Septemba 5, 1874, mjini Woonsocket, katika jimbo dogo la Rhode Island, kwenye familia ya Wakanada wenye asili ya Kifaransa, ambao walikuwa wamejazana katika miji ya viwanda vya nguo ya eneo la New England. Baba yake alifariki mapema, na kijana hakupata muda wa kukaa darasani. Aliingia kiwandani akiwa bado mtoto, kisha akawa dereva wa magari ya kukokotwa na farasi huku akicheza mpira wakati wa mapumziko. Mwaka 1896 timu ya Fall River ilimwajiri kwa dola 100 kwa mwezi, na kabla msimu haujaisha klabu ya Phillies ya Philadelphia ikamnunua. Tangu hapo hakuna aliyemwona tena kama dereva. Alikuwa mtu wa miraba minne, mrefu kuliko wachezaji wengi wa zama zake, lakini aliyetembea uwanjani kwa madaha, na mpira uliotoka kwenye gongo lake ulikwenda moja kwa moja na kwa kasi iliyowatisha walinzi. Sifa hii ya mwisho msomaji aiweke akilini, maana ndiyo iliyotumiwa baadaye kama utetezi.

Ni lazima kwanza tueleweshane juu ya kipimo chenyewe. Mpigaji hupimwa kwa wastani wa upigaji, yaani idadi ya mapigo halali ikigawanywa kwa idadi ya zamu zake za kupiga. Pigo huwa halali pale mpigaji anapofika kituo cha kwanza kwa nguvu ya mpira alioupiga. Akifika kwa sababu mlinzi ameudondosha mpira au ameurusha ovyo, hilo ni kosa la mlinzi na mpigaji hapewi kitu. Anayeamua kati ya pigo na kosa ni mwandishi rasmi wa mchezo, mtu mmoja anayeketi jukwaani na kalamu yake. Wastani wa 0.300 humpa mchezaji heshima, na 0.400 humpeleka kwenye vitabu vya historia.

Mwaka 1901 Lajoie aliandikiwa 0.426. Ligi ya Marekani ilikuwa imejitangaza mwaka huohuo kuwa sawa na Ligi ya Kitaifa, walimokuwa Phillies, na ilihitaji majina makubwa. Lajoie naye alikuwa na kinyongo na Phillies, kwa kuwa alikuwa amegundua kwamba mwenzake Ed Delahanty analipwa zaidi yake. Akavuka barabara, kama tunavyoweza kusema, akajiunga na Athletics ya Connie Mack katika mji uleule wa Philadelphia. Katika ligi hiyo mpya aliongoza kwa wastani, kwa mipira iliyopigwa nje ya uwanja ambayo ilikuwa 14, na kwa kuwaingiza wenzake 125. Mei 23 ya mwaka huo, Clark Griffith wa Chicago, aliyekuwa kocha na mrushaji kwa wakati mmoja, alimkuta Lajoie kwenye zamu ya kupiga huku vituo vyote vitatu vikiwa na wakimbiaji, akaona ni nafuu kumpa kituo cha bure, na hivyo kumsukuma mkimbiaji mmoja akamilishe mzunguko na kuipa Athletics alama bila jasho, kuliko kumrushia mpira unaopigika. Chicago ilishinda 11 kwa 9. Uamuzi huo unaeleza hofu ya warushaji vizuri kuliko takwimu yoyote.

Hata hivyo 0.426 nayo ina maelezo yake. Ligi ya Marekani ilikuwa bado haijakubali kanuni ya kuhesabu mpira uliopigwa pembeni kuwa ni jaribio lililopotea, kanuni ambayo wenzao wa Ligi ya Kitaifa walianza kuitumia mwaka 1901, na wao wakaichukua mwaka 1903. Mpigaji hodari aliweza basi kuichezea mirusho migumu kwa kuielekeza nje, bila adhabu, mpaka aupate mmoja anaoutaka. Tena tarakimu yenyewe iliandikwa 0.422 kwa muda mrefu kabla ya watafiti kuipandisha. Nayataja haya mapema ili mtu asije akadhani kwamba vurugu za daftari zilianza mwaka 1910.

Phillies hawakukubali kuachwa hivihivi. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1902 Mahakama Kuu ya jimbo la Pennsylvania iliamua kwamba Lajoie ni mchezaji wa kipekee ambaye si rahisi kupata wa kushika nafasi yake, na kwa hiyo azuiwe kuichezea timu nyingine. Hukumu hiyo inafundishwa hadi leo katika somo la sheria ya mikataba. Kwa kuwa nguvu ya amri hiyo iliishia mipakani mwa jimbo, Mack alimwachia aende Cleveland, katika jimbo la Ohio, na msimu huo timu yake mpya ilipokwenda kucheza Philadelphia, Lajoie hakukanyaga Pennsylvania. Ligi zilipopatana mwaka 1903, matatizo yake yakaisha. Cleveland walimpenda kiasi kwamba timu ikaitwa Naps, kutokana na jina lake la mkato. Akawa kocha wao akiwa bado anacheza kuanzia 1905, na mwaka 1909 akauachia ukocha kwa hiari yake ili ashughulikie gongo lake tu. Uamuzi huo ulimfaa, kwani mwaka uliofuata alipiga kama kijana.

Ndipo gari likaingia. Hugh Chalmers, mwenye kampuni ya magari ya Chalmers mjini Detroit, alitangaza kwamba mchezaji atakayemaliza msimu wa 1910 akiwa na wastani mkubwa kuliko wote katika ligi kuu mbili atapewa gari jipya la Chalmers 30. Gari wakati huo lilikuwa kitu cha matajiri, na bei yake ya dola 1,500 hivi ilikuwa mshahara ambao mfanyakazi wa kiwandani asingeupata kwa mwaka mzima. Chalmers alitaka jina lake litajwe magazetini kila asubuhi, na alilipata hilo kwa gharama ndogo kuliko tangazo lolote. Lakini zawadi yake ilikuwa na kasoro ya msingi: ilitegemea tarakimu ambayo kila mtu angeweza kuikokotoa mwenyewe, ambayo ingeweza kubadilishwa na mpira mmoja, na ambayo mchezaji angeweza kuilinda kwa kutocheza.

Cobb alifanya hivyohivyo. Alikuwa na miaka 23, alikuwa ameshika ubingwa wa upigaji wa Ligi ya Marekani kwa misimu mitatu mfululizo, na mwishoni mwa msimu aliamini kwamba amekwisha kumwacha Lajoie. Michezo miwili ya mwisho ya Detroit hakuicheza. Sheria haikumkataza, na macho yake yalikuwa yamemsumbua wiki kadhaa kabla. Lakini katika ligi ambayo wachezaji wengi, wakiwemo wa timu yake mwenyewe, walikuwa hawamwombei mema, kitendo hicho kilitafsiriwa kuwa ni kukimbia. Chuki dhidi ya Cobb haikuwa ya kubuni. Alikuwa mgomvi, mwenye maneno makali, na alikimbia kuelekea kituoni akitanguliza njumu zake. Ingawa hivyo, aliyeshindana naye siku ile ya Oktoba alipaswa kuwa Lajoie, si chuki.

Sasa tuingie uwanjani. St. Louis Browns walikuwa wa mwisho katika ligi, wamepoteza michezo 107, na siku hiyo hawakuwa na cha kupigania. Kocha wao, Jack O'Connor, alimpanga katika kituo cha tatu kijana aitwaye Red Corriden, mwenye miaka 23, aliyekuwa na wiki chache tu katika ligi kuu. O'Connor alimwagiza asimame nyuma sana, mbali na mstari wa kawaida, karibu na mahali majani ya uwanja wa nje yanapoanzia.

Zamu ya kwanza Lajoie aliupiga mpira hadi katikati ya uwanja wa nje, akafika kituo cha tatu. Hilo lilikuwa pigo lake la kawaida. Kisha akatazama mbele na kuona jinsi Corriden alivyosimama. Katika besiboli mpigaji anaweza kuacha kulizungusha gongo, akalishika kwa mikono iliyoachana na kuugusa tu mpira, nao ukaanguka chini na kujiviringisha polepole. Kwa kawaida anayefanya hivyo ni mtu mwepesi wa miguu, kwa sababu mlinzi wa kituo cha tatu hukimbilia mbele, huuokota na kuurusha kituo cha kwanza kabla mpigaji hajafika. Lajoie hakuwa mwepesi, na katika maisha yake yote hakutegemea mbinu hiyo. Lakini mlinzi akiwa hatua nyingi nyuma, hata mtu mzito wa miaka 36 hufika akitembea. Akaugusa mpira kuelekea kituo cha tatu, akafika. Zamu iliyofuata akaugusa tena, akafika. Corriden hakusogea. Mchezo wa kwanza ukaisha Lajoie akiwa na mapigo manne katika zamu nne, wa pili ukaanza, na mpango ukaendelea ulevile: mpira laini kuelekea upande uleule, mlinzi yuleyule akianzia mbali kuufuata.

Mlinzi anaweza kudanganyika mara moja, na kocha asiye makini anaweza kuacha udanganyifu huo ujirudie mara ya pili. Baada ya hapo, kumwacha kijana pale nyuma ni uamuzi. Msomaji anayefuata kandanda hana haja ya maelezo marefu hapa, kwani amekwisha kuona siku ya mwisho ya ligi jinsi mabeki wa timu isiyo na cha kupoteza wanavyoweza kumpisha mshambuliaji anayewania kiatu cha dhahabu.

Mara moja kati ya hizo tisa mambo hayakwenda sawa. Lajoie aliugusa mpira, walinzi wakaushughulikia vibaya, akafika kituoni, na mwandishi rasmi akaamua kwamba hilo ni kosa la mlinzi na si pigo. Harry Howell, mrushaji wa zamani aliyekuwa akifanya kazi na Browns, akaanza kufuatilia uamuzi huo jukwaani kwa bidii isiyoelezeka, na mwandishi akafikishiwa ujumbe wenye ahadi ya mavazi mapya ikiwa kosa hilo litageuzwa kuwa pigo. Mwandishi alikataa. Katika kisa hiki kizima, mtu pekee aliyetendewa shinikizo na akafanya kazi yake ipasavyo ni huyo mwandishi wa mchezo, na ni ajabu kwamba wasimulizi wengi humpita haraka kwenda kwa wakubwa.

Umuhimu wa kukataa kwake utaonekana tukizishika hesabu zenyewe, na hapa naomba uvumilivu kidogo. Kwa daftari rasmi la ligi, Cobb alimaliza na mapigo 196 katika zamu 509, sawa na 0.385069. Lajoie, pamoja na mapigo yote manane ya Oktoba 9, alikuwa na 227 katika zamu 591, sawa na 0.384095. Amepungukiwa na kitu kisichofikia sehemu moja ya elfu ya pigo kwa kila zamu. Lau lile la tisa lingeandikwa kuwa pigo, angekuwa na mapigo 228, na hata kama zamu hiyo ingeongezwa kwenye hesabu na kuwa 592, wastani wake ungekuwa 0.385135, juu ya Cobb. Kwa maneno mengine, gari lilikuwa linaning'inia kwenye kalamu ya mwandishi, na mavazi yaliyoahidiwa yangekuwa bei rahisi mno.

Magazeti hayakusubiri daftari. Baadhi yalimtangaza Lajoie kuwa bingwa kwa mahesabu yao, na inasimuliwa kwamba wachezaji wanane wa Detroit, wenzake Cobb, walimpelekea Lajoie simu ya maandishi ya kumpongeza. Mengine yalipiga kelele kwamba mchezo umechafuliwa. Ban Johnson, rais wa Ligi ya Marekani, mtu aliyeijenga ligi hiyo kwa mikono yake na ambaye hakupenda ijadiliwe na watu wa nje, akawaita O'Connor na Corriden. Corriden alisema alitii agizo la kocha wake, naye hakuwa na sababu ya kumkaidi kwa kuwa alikuwa anatafuta ajira ya msimu ujao. O'Connor alijitetea kwamba Lajoie hupiga mipira mikali mno na kwamba kumsogeza mbele kijana asiye na uzoefu kungekuwa kumhatarisha. Kuhusu ile mipira ya kugusa, alidai kwamba Lajoie aliwazidi akili tu.

Utetezi huo una nusu ya ukweli. Walinzi wengi walisimama nyuma kidogo kila Lajoie alipokuja, na walikuwa na sababu. Lakini tahadhari hiyo ilikuwa dhidi ya mtu anayepiga kwa nguvu, na baada ya mpira wa tatu au wa nne wa kugusa, hatari ya mpira mkali ilikuwa imekwisha kuthibitika kuwa haipo siku hiyo. Kocha mwenye miaka mingi katika mchezo hawezi kusema hakuliona hilo.

Johnson alitoa uamuzi wake ndani ya wiki moja hivi. Alimsafisha Corriden, aliyaacha mapigo yote manane yasimame, na akatangaza kwamba kwa kumbukumbu za ligi Cobb ndiye bingwa. Tazama jinsi uamuzi huo ulivyomfaa mtoaji. Kama angeyafuta mapigo ya Lajoie, angekiri hadharani kwamba mchezo ndani ya ligi yake ulipangwa. Kama angemtangaza Lajoie, angeubariki upangaji huo. Kwa kuyaacha mapigo na kumpa Cobb ushindi wa sehemu ndogo ya elfu, alikwepa yote mawili. Chalmers naye, kwa kuwa lengo lake lilikuwa kusifiwa, akatoa magari mawili, moja kwa kila mmoja. Mwaka uliofuata zawadi ilibadilishwa na kutolewa kwa kura kwa mchezaji mwenye manufaa zaidi katika kila ligi, ikadumu hadi 1914, na hiyo ndiyo iliyotangulia tuzo ya mchezaji bora inayotolewa leo.

Kisa kingeishia hapo kama kumbukumbu za ligi zingekuwa safi. Hazikuwa safi. Karibu miaka 70 baadaye mtafiti wa takwimu Pete Palmer, akipitia kurasa za daftari la 1910, aliona kwamba mchezo mmoja wa Detroit wa mwezi Septemba, ambao Cobb alipata mapigo mawili katika zamu tatu, uliingizwa mara mbili. Jambo hilo lilichapishwa na The Sporting News mwaka 1981. Ondoa uingizaji uliorudiwa, na Cobb anabaki na mapigo 194 katika zamu 506, sawa na 0.383399, chini ya Lajoie. Bingwa aliyetangazwa na Johnson hakuwa bingwa kwa hesabu za Johnson mwenyewe. Hata baadhi ya kumbukumbu za siku hizi, ambazo zimerekebisha mambo mengine madogo na kuandika 0.382 kwa Cobb na 0.383 kwa Lajoie, zinamweka Lajoie juu.

Kamishna wa besiboli, Bowie Kuhn, alikataa kubadilisha matokeo, akitoa hoja kwamba muda uliopita ni mrefu mno. Nadhani alikosea, au tuseme alijibu swali ambalo halikuulizwa. Kumvua mtu ubingwa baada ya miaka 70 ni jambo la kujadiliwa. Kuacha mchezo mmoja uhesabiwe mara mbili si jambo la kujadiliwa, kwa sababu kosa la kuandika halikomai likawa kweli kwa kukaa muda mrefu. Athari zake zilikuwa bado hai. Mwaka 1985 Pete Rose alikuwa anaifukuzia idadi ya mapigo 4,191 aliyoandikiwa Cobb kwa maisha yake yote, na Septemba 11 alipopiga la 4,192 mjini Cincinnati mchezo ulisimamishwa na watu wakashangilia. Idadi sahihi ya Cobb, ukitoa yale mawili, ni 4,189. Rose alikuwa amekwisha kumpita siku tatu kabla, mjini Chicago.

Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba ugunduzi wa 1981 umemrudishia Lajoie haki yake. Hebu tuondoe siku ile ya Oktoba 9 yote. Lajoie anabaki na mapigo 219, na wastani wake unakuwa takriban 0.376. Tumwachie lile pigo la kwanza lililofika kituo cha tatu, ambalo hakuna aliyelilalamikia sana, na anapanda hadi karibu 0.377. Cobb, baada ya kunyang'anywa mchezo uliorudiwa, yuko kwenye 0.383. Tena ukiacha mapigo manane yasimame lakini ukafuta moja tu, yaani 226 katika 591, Lajoie anashuka hadi 0.382403 na anashindwa. Alihitaji yote manane, na angalau sita kati yake yalikuwa zawadi. Hivyo msimu huo Cobb alipiga vizuri zaidi, Lajoie ana tarakimu kubwa zaidi, na daftari rasmi lilimpa ushindi mtu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Mtu anayetaka jibu moja safi hatalipata kwa kujumlisha.

Je, Lajoie mwenyewe ana lawama? Watetezi wake husema kwamba mpigaji hana wajibu wa kumwambia mlinzi asogee. Ni kweli, na mara ya kwanza alipouona ule uwazi alikuwa na haki kamili ya kuutumia. Angekuwa mchezaji wa ovyo kama asingeutumia. Lakini kufikia mchezo wa pili alijua anachopewa. Kilichoniondolea shaka ni aina ya mipigo yenyewe: mtu aliyejijengea jina kwa kuipasua mipira asingeshinda akiigusa mchana kutwa kama asingekuwa na uhakika kwamba hakuna atakayeiokota kwa wakati. Hakupanga njama, na hakuna ushahidi kwamba aliombwa kushiriki. Alipokea. Naona hilo ni doa dogo katika maisha marefu ya uchezaji uliokuwa safi, na sioni sababu ya kulificha wala ya kulikuza.

Maisha hayo yalisonga mbele. Septemba 1914 alipata pigo lake la 3,000, wa tatu kufika huko baada ya Cap Anson na Honus Wagner. Akaondoka Cleveland, timu ikalazimika kutafuta jina jingine, akamalizia ligi kuu na Athletics mwaka 1916 akiwa na wastani wa maisha wa 0.338. Mwaka 1917, akiwa anakaribia miaka 43, aliongoza upigaji wa ligi ya daraja la chini akiwa na Toronto kwa wastani wa 0.380. Alichaguliwa kuingia katika Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 1937, mwaka mmoja baada ya Cobb, na alifariki mwaka 1959 mjini Daytona Beach.

Corriden hakuharibikiwa, alikaa katika mchezo kama kocha msaidizi kwa miongo kadhaa na mwaka 1950 akapewa kuiongoza Chicago White Sox. O'Connor na Howell walifukuzwa na mmiliki wa Browns, Robert Hedges, na hawakurudi tena katika Ligi ya Marekani. O'Connor, ambaye mkataba wake ulikuwa unaendelea hadi mwisho wa msimu wa 1911, aliishtaki klabu mahakamani akidai mshahara aliokatiziwa. Wakubwa wa ligi walikuwa wamejiridhisha kwamba alichokifanya kilitosha kumfukuza, lakini katika uamuzi wao wenyewe walikuwa wameyahesabu mapigo yote manane kuwa halali. O'Connor alishinda kesi, na klabu ikamlipa.